Dema la Msusi

Saluni ya msusi ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na feni iliyokuwa hodari wa kelele kuliko wa upepo. Wateja hawakujali. Walimfuata kwa sababu ya mkono wake mwepesi, na kwa sababu yaliyosemwa kwenye kiti chake hayakuwahi kutoka nje ya mlango. Kichaa chake kilikuwa kimoja tu: hakuweza kuvumilia ncha iliyoachwa wazi. Kila msuko aliufunga mwishoni, akauzungusha, akaupenyeza ndani, kisha akauchovya kwenye maji ya moto mpaka ukalala. Mteja akilalamika kwamba makalio yamemfa ganzi, alijibiwa, "Vumilia, bibi wee. Nikikuachia ncha nje, kesho sokoni nitaaibika mimi, si wewe."

Siku ambayo mambo yalianza kwenda mrama alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu wa chekechea. Kaka yake aliingia bila hodi, kofia kichwani na magamba ya samaki kwenye viatu. Huyu kaka alikuwa nahodha wa boti tatu za mishipi na nyavu, mtu mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo. Humo chumbani alijaribu kunong'ona, na mtaa mzima ukasikia.

"Nimeshakubaliana na mwenye barafu," alisema. "Banda la Baba analichukua. Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia leo."

Msusi hakugeuka. Vidole vyake viliendelea kusuka vyenyewe, ila mwalimu alisema baadaye kwamba ule msuko ulimvuta mpaka nyusi zikapanda.

"Analichukua kufanyia nini?"

"Kuweka barafu, kwani atafugia kuku? Dada, samaki wangu wanaharibika kila wiki kwa sababu barafu iko mwisho wa mji. Banda liko hatua ishirini kutoka gatini. Na limekaa bure miezi saba."

Ukweli usemwe, nahodha hakuwa mtu mbaya. Samaki walikuwa wanaharibika kweli, na banda lilikuwa limekaa bure kweli. Baba yao alikuwa fundi wa madema, mitego ile ya mianzi inayoshushwa chini ya bahari ikiwa na mawe na chambo. Kwa miaka arobaini hapakuwa na dema kisiwani ambalo halikupita mikononi mwake. Kisha asubuhi moja kiharusi kilimkuta palepale kwenye benchi, dema la nusu likiwa magotini. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake, hausikii baridi wala moto, na ulimi wake haukutoa neno. Kilichobaki kilikuwa "aa-aa" ya kukataa na "mm" ya kukubali, na wote mnaweza kukisia ipi ilitumika zaidi.

"Baba akisikia habari hii itamuua," msusi alisema.

Nahodha alivua kofia sasa, alipokuwa ameshachelewa. "Nilimwambia jana," alisema.

Jioni msusi alimkuta baba yake amelala ameupa mlango kisogo. Mpira mdogo wa kuminya, ambao muuguzi wa mazoezi alikuwa amemletea, ulikuwa umetupwa chini ya kabati. Muuguzi alikuwa amewaeleza bila kuzunguka: mkono ukifanyishwa kazi kila siku, huenda ukarudi, ukiachwa, utakwenda moja kwa moja. Miezi saba mzee alikuwa ameminya ule mpira huku akinuna, lakini aliminya. Sasa msusi alipouweka kwenye kiganja chake, ulidondoka, na mzee hakuutazama hata ulikoangukia. Alikuwa amekata tamaa, na sababu ilikuwa wazi. Mkono angeutibu wa nini, kama mahali pake pa kazi panajazwa barafu?

Msusi alikaa pembeni ya kitanda akiwa na hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Kisha alinyanyuka, akamfuata kaka yake gatini.

"Nipe hizo wiki tatu," alisema. "Nitatengeneza dema mimi. Likivua samaki, banda linabaki la Baba, na barafu utajua mwenyewe pa kuiweka."

Nahodha alicheka mpaka akashika kamba ya boti asije akatumbukia. "Wewe? Hujawahi hata kushika kisu cha mianzi!"

"Vidole ninavyo kumi, kama alivyokuwa navyo yeye."

"Haya. Likivua. Dada yangu, likivua hata samaki wa kumlisha paka, banda linabaki." Alikubali haraka mno. Mimi nadhani alikuwa anajionea haya kwa alichokifanya, na alitaka mtu amshinde ili apate pa kurudia nyuma.

Banda lilikuwa na benchi moja, kisu kilichochakaa mpini, mapipa mawili ya kulowekea mianzi, na dema lile ambalo halikumalizika. Katika utoto wake msusi alikuwa akimshikia baba fito zisiteleze, basi. Kila alipoomba afundishwe alijibiwa kwamba kazi ile ni ya kuchubuka mikono, na kwamba vidole vyake yeye ni vya nywele. Aliusikia huo usemi mara nyingi hivi kwamba akafungua saluni ili aachane nao. Sasa aliligeuza lile dema la nusu, akalihesabu matundu, akapasua mianzi na kuanza la kwake kwa kuliiga. Asubuhi alikuwa bandani, mchana saluni. Wateja walianza kulalamika kwamba mikono yake inanuka pipa.

Shida ilikuwa koo. Dema lina mdomo mpana kwa nje, na mdomo huo unaingia ndani ukijibana, kama faneli, mpaka unaishia katikati ya mtego. Samaki hupita humo akifuata chambo. Lile la baba lilikuwa halijafikia hapo. Kiharusi hakikumpa nafasi. Hapakuwa na jingine la kutazamia, maana madema ya mianzi huoza ndani ya miezi michache, na wavuvi walikuwa wameshahamia kwenye ya waya ya dukani, yenye koo la namna nyingine. Nahodha naye dema alilijua kwa nje tu, kama unavyolijua geti la jirani. Msusi akafanya kwa akili yake. Alisuka faneli safi, na kule ndani fito zilikoishia, alifanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imefanya maelfu ya mara. Alizikunja ncha moja baada ya nyingine, akazipenyeza, akazifunga kwa kamba nyembamba. Ulipopitisha kiganja, hapakuwa na kitu cha kukukwaruza.

Siku ya kumi dema lilikamilika, na, niseme bila kutia chumvi, lilikuwa zuri. Lilikaa sawa sakafuni bila kuyumba. Msusi alilibeba kichwani mpaka nyumbani, akaliweka mbele ya kitanda cha baba yake, akasimama kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mzee aligeuka polepole. Alilitazama pembe, akalitazama tumbo. Uso ukaanza kulegea. Kisha akachungulia mdomoni, na uso wote ukakunjamana.

"Aa-aa," alisema. "Aa-aa! Aa-aa!"

Alipunga mkono wa kushoto, akaugonga mdomo wa dema, akalisukuma kwa mguu mpaka likagonga ukuta.

Msusi alivitazama vidole vyake. Siku kumi za vidole kuvuja damu, na hata leo, hata sasa ambapo Baba hana mwingine, analipiga teke dema la binti yake! "Sawa, Baba," alisema. "Vidole ni vya nywele. Nimesikia." Alilibeba dema akatoka nalo, na mzee akabaki anapiga "aa-aa" nyuma yake mpaka alipofika barabarani. Aliumia, na alitaka kila mtu ajue kwamba hajaumia, kwa hiyo alitembea haraka.

Yeye na kaka yake walilishusha siku hiyohiyo penye miamba, likiwa na mawe manne na chambo cha kaa waliopondwa pamoja na mwani. Keshokutwa yake asubuhi walirudi. Bahari ilikuwa shwari na maji maangavu, unaona mpaka chini. Nahodha alivaa miwani ya kuzamia, akatia uso majini, akakaa hivyo muda mrefu mno. Mabega yake yakaanza kutikisika. Msusi alidhani amepaliwa.

"Kuna nini? Kuna samaki?"

Nahodha aliinua uso. Alikuwa anacheka. "Wapo, dada. Wengi. Wanaingia, wanakula, wanatoka. Umewafungulia hoteli! Kuna mmoja nimemwona kaingia mara mbili."

Walilivuta. Ndani palikuwa na magamba matatu ya samaki na gando la kaa lililosafishwa vizuri. Nahodha aliendelea kucheka mpaka alipomwona dada yake usoni, ndipo akanyamaza, akawasha injini. Walipokaribia gati alisema tu, "Zimebaki siku tisa," na kwa sauti yake ilikuwa vigumu kujua kama anatisha au anabembeleza.

Msusi hakwenda saluni siku hiyo. Alikwenda kwa baba yake, akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kitanda, akalia. Hakulia kwa ustaarabu. Alilia kwa makamasi, akasema yote: kwamba ameshindwa, kwamba banda linakwenda, kwamba samaki wanamcheka, na kwamba afadhali baba ampige teke na yeye.

Alihisi kitu kikimvuta kichwani. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umeshika msuko wake mmoja, ule mrefu wa mgongoni. Alidhani anambembeleza. Lakini mkono ulikuwa na kazi nyingine. Kucha za mzee zilitafuta mwisho wa msuko, zikaanza kufumua lile fundo alilolificha ndani. Alifumua kwa subira, akisaidia kwa meno, akihema. Fundo lilipoachia alizitawanya nywele zikasimama kama ufagio. Kisha akachukua kiganja cha binti yake, akakichoma kwa zile ncha. Akachoma tena. Halafu akanyoosha kidole dirishani, kule liliko banda.

Msusi alizitazama zile ncha. Aliona koo la dema kwa ndani, lilivyo safi, lilivyo laini, na samaki akitoka humo bila hata kukwaruzwa.

"Nimezifunga," alisema. "Baba, ncha nimezifunga! Zilitakiwa zibaki nje, zimchome akitaka kurudi."

"Mmm!" alisema mzee, akajitupa kwenye mto kama mtu aliyekuwa akimpigia kelele kiziwi kwa siku tatu.

"Ndiyo maana ulilipiga teke?"

"Mm."

"Si kwa sababu ni baya?"

Mzee alifikiri. Alitingisha mkono kidogo, hivi na hivi, maana hata kiharusi hakikumtoa kwenye tabia yake ya kutomsifia mtu moja kwa moja. Kisha akacheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja tu, lakini ulikuwa mcheko kamili, wa kwanza tangu augue, na msusi naye akacheka huku kamasi zikimtoka. Alipojaribu kuinuka, mzee alimshika nguo. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja chini. Alitaka kwenda bandani.

Zile siku tisa zilikuwa na makelele mengi kuliko miaka yote arobaini. Mzee hakuwa na maneno, lakini alikuwa na fimbo, na kwa fimbo hiyo alifundisha kila kitu alichokataa kufundisha kwa ulimi. Msusi akipasua ufito mnene, fimbo iligonga pipa. Akisahau na kuanza kukunja ncha, fimbo ilimgonga vidole, na alisahau mara nyingi, kwa sababu mikono iliyozoea miaka kumi na sita haibembelezeki kwa usiku mmoja. Kila ncha aliyoiacha nje, kali, imeelekea ndani, ilimuuma rohoni kama mteja aliyeondoka hajamalizwa. "Aibu gani hii," alinong'ona. "Watu wataniona." Mzee alitikisa mabega kwa kicheko.

Mkono wake wa kulia nao alikuwa ameupatia kazi. Aliuinua kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya fito zilizolowa ili zisijikunje, kama unavyoweka jiwe juu ya karatasi. Muuguzi alipokuja na mpira wake na kumkosa kitandani, alifika bandani, akautazama ule mkono umelazwa pale, fito zikisukuma kutoka chini yake kila mara. Alirudisha mpira mfukoni. "Endeleeni," alisema.

Dema la pili lilishushwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi, siku ya mwenye barafu, walikwenda kulitoa. Upepo ulikuwa umechafua maji na chini hapakuonekana kitu. Nahodha hakuvaa miwani. Alishika kamba, akavuta pima mbili, akasimama.

"Vipi?" msusi aliuliza.

"Zito."

"Ni mawe."

"Mawe niliyashusha mimi mwenyewe, nayajua uzito wake. Njoo ushike hapa."

Walivuta pamoja. Dema lilipotokeza juu ya maji, mianzi yote ilikuwa inatetemeka. Kulikuwa na tasi, kulikuwa na changu, na pono mmoja mkubwa wa buluu aliyejibanza kwenye kona kama mwenye nyumba. Mmoja wa tasi alikimbilia kooni kutoka, ncha zikamgusa, akarudi nyuma. Msusi alimwona akijaribu tena, na tena akirudi. Alihesabu kumi na wanane. Nahodha alihesabu kumi na tisa, wakabishana njia nzima, na mabishano hayo yaliwasaidia wote wawili, maana hakuna aliyetaka mwenzake aone macho yake.

Mwenye barafu alikuwa tayari gatini na futi yake mkononi, akipima mlango wa banda. Alikuwa mtu mpole mwenye haraka. "Nahodha! Huu mlango nitaupanua kidogo tu."

"Usiupanue," nahodha alisema akiwa bado botini. "Chukua stoo yangu ya nyavu. Ni kubwa, na ina kivuli."

"Nyavu utaziweka wapi?"

"Sebuleni kwangu. Mke wangu atanipigia kelele mwaka mzima, nimezoea. Hapo ulipo, bwana, toka mlangoni. Pana watu kazini."

Ndani, mzee alikuwa amekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu sauti ya mwanawe tunaijua. Walimwaga samaki kwenye beseni mbele yake, nao wakaruka na kurusha maji mpaka kwenye shati lake. Hakuwatazama. Alipunga mkono, akataka dema. Msusi alilipandisha magotini pake, likitiririka.

Kila dema jipya, baada ya kulala majini mara ya kwanza, fundi alilipima kwa namna moja tu. Mianzi mibaya ikilowa hulegea, na ncha zikilegea samaki hujua. Kwa hiyo fundi hutia mkono kooni mpaka kifundoni, kisha anautoa. Ukitoka bila alama, dema ni la kuni. Mzee aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauelekeza mdomoni mwa dema.

"Baba, tumia huu mwingine," msusi alisema haraka. "Huo utakatika na hutasikia."

"Aa-aa."

Aliusukuma ndani. Vidole vilivyolegea vilipita kwenye koo kimoja kimoja, halafu kiganja. Kisha akauvuta. Ncha zilimkamata juu ya kifundo, zote kwa pamoja, na mstari mwembamba wa damu ukatokea kwenye ngozi.

Mzee aliacha kuvuta. Aliutazama mkono kwa muda, kichwa kikiwa upande, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na hana hakika ni yeye. Midomo yake ilihangaika.

"Ina," alisema. Akameza mate. "Inauma."

Nahodha alidondosha ndoo. Msusi alipiga magoti palepale kwenye maji ya samaki, akashika dema aanze kufungua koo, amtoe. Lakini mzee alimsukuma kwa bega. Machozi yalikuwa yanamtiririka upande wa uso uliosikia na upande usiosikia, na mkono wake aliurudisha ndani zaidi, akauvuta tena mpaka ncha zikamshika.

"Inauma," alisema. "Inauma," na akakataa katakata kuutoa.